Madaftari Matano ya Sekela

Nilipoyakuta yale madaftari chini ya kitanda cha Mzee Asukile, nilijiona nimekwisha kupanda cheo. Nilikuwa konstebo wa miaka ishirini na minne, mtoto wa Iringa, nimehamishiwa kituo kidogo cha polisi kwenye milima ya juu ya Mbeya, ambako kesi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika ilikuwa ya mbuzi aliyekula kabichi za mchungaji. Sasa nilikuwa na wizi wa duka zima mkononi. Nilitoka nje nimeyakumbatia madaftari matano, nikawafokea watu waliojaa uani wanipishe. Nayasema haya mapema ili msimtafute mpumbavu wa habari hii mahali pengine. Ni mimi, Ambrosi.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1979. Vita vilikuwa vimekwisha, na sukari nayo ilikuwa imekwisha. Duka la kijiji lilikaa miezi miwili bila sukari wala sabuni, watu wakinywa chai ya chumvi, mpaka Jumatatu ya wiki ile mgao ulipofika: magunia manne ya sukari, katoni sita za sabuni na robota la vitenge. Vyote vingegawiwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi mlango ulikutwa wazi, kufuli imekatwa kwa msumeno, ndani hamna kitu. Mlinzi, Mzee Asukile, alikuwa amelala fofofo barazani, kikombe cha chai kimepinduka karibu na goti lake. Alipomwagiwa ndoo ya maji ya baridi ndipo akaamka, na watu walikuwa tayari wanaokota mawe. Kama Inspekta Eliezeri, mkuu wetu wa kituo, asingefika na Land Rover, ningekuwa naandika habari za marehemu.

Tukaenda kupekua nyumbani kwake, na chini ya kitanda nikaokota bahati yangu. Daftari la kwanza lilianza hivi: "Hatua ya kwanza, ua. Hatua ya pili, mbwa. Hatua ya tatu, mlinzi. Hatua ya nne, kufuli. Kila hatua ni ngumu kuliko iliyopita, na Tandala ana roho tatu tu." Mbele kidogo mlinzi ananyweshwa chai yenye dawa ya usingizi. Mbele zaidi kufuli inakatwa kwa msumeno. Inspekta aliyasoma amesimama, akayasoma tena amekaa, kisha akavua kofia.

"Ambrosi, hii ni mipango ya vita. Roho tatu, yaani majambazi watatu. Huyo Tandala ni jina la kificho."

"Ndiyo, Afande."

Kilichommaliza mzee ni penseli. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi mengine, makubwa, yaliyopinda, ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. "Hapa siyo. Mbwa hanyamazi kwa nyama, atabweka kwanza." "Mlinzi halali saa hiyo, ngoja kidogo." "Nondo haifai. Tafuta msumeno." Mwandiko ule kijiji kizima kiliujua. Mzee Asukile alikuwa amepata cheti cha kisomo cha watu wazima mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa ameandika jina lake kwenye kila kitu alichomiliki, kuanzia mpini wa jembe mpaka tako la beseni.

Inspekta alimweka kwenye benchi la kituo, pingu mkononi, akamsukumia daftari. "Nani aliandika haya?"

"Ni mimi."

"Maandishi ya penseli ni yako, hilo sibishi. Na haya mazuri ya wino?"

Mzee aliangalia miguu yake. "Yangu pia."

"Unanichezea, mzee. Gari linaondoka saa nane mchana kwenda Mbeya mjini. Huko kuna watu ambao kazi yao ni kuuliza tu. Hawana haraka, na hawana huruma. Nitajie wenzako."

Mzee hakutaja mtu. Alikwisha kutuambia kwamba chai ile aliletewa na Gideoni, mtunza duka, na tulimcheka, kwa sababu Gideoni alikuwa akimletea chai kila jioni kwa hisani yake na kila mtu alijua. Gideoni mwenyewe alikuwa nje na watu wapatao hamsini, yeye akiwa mbele, akilia kuliko wote: "Sukari ya watoto wetu!" Nilimwonea huruma sana Gideoni siku ile.

Sasa niwaambie aliyeandika kwa wino, ingawa mimi niliyajua haya baadaye. Aliitwa Sekela, mke wa Fanueli, na Fanueli ni mtoto wa Mzee Asukile. Alikuwa na miaka ishirini na sita, watoto wawili na shamba la maua ya pareto. Alikulia Mlandege, Iringa mjini, kwa mama yake mdogo, akamaliza darasa la saba huko, kisha akaolewa huku milimani kwenye baridi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kanisani aliimba sauti ya pili, na kisimani alichota maji akaondoka. Mtu gani angemdhania kwamba kichwani mwake watu wanauana?

Fanueli alikuwa mfanyakazi wa treni ya kwenda Zambia. Safari moja alirudi na habari ya sanduku aliloliona kwenye hoteli kule, sanduku refu kama kabati lenye kioo usoni. Ndani ya kioo kuna mtu mdogo wa mwanga. Wabaya wake wanamjia kutoka juu, wewe unamwendesha kwa kijiti, unakimbia, unapiga risasi. Ukivuka hatua moja, inayofuata ni kali zaidi. Wakikupata unakufa, lakini hufi moja kwa moja, maana umepewa roho tatu.

"Na akizimaliza zote?" Sekela aliuliza.

"Unatia sarafu nyingine. Anafufuka."

Sekela, mwanakwaya, alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Kesho yake alikwenda kwenye mikeka ya pareto na daftari. Kazi ya kukausha maua yale inataka mtu akae hapo kutwa: afukuze kuku, ageuze maua, ayakusanye mbio wingu likitokea. Wenzake walitumia saa hizo kusukana. Yeye alimwandika Tandala, jambazi wa Mlandege anayetaka kuvunja duka moja tu, na ambaye kila akifa anaamka, anajipangusa vumbi na kuanza upya. Roho ya kwanza inamtoka anapotumbukia kwenye shimo la choo kipya cha shule. Ya pili inamtoka anapochanganya vikombe na kunywa chai aliyomtilia dawa mlinzi, akaizidisha dozi, akafa, akaamka akilalamika kwamba sukari ilikuwa kidogo. Niliyasoma yote kaunta siku ile, nikijidai nakagua ushahidi. Watu wanakufa vibaya mle ndani na unacheka, halafu unajiona mtu mbaya kwa kucheka.

Daftari likijaa, Sekela alimpa mama mkwe wake, Marta, amfichie mbali na watoto na moto wa jikoni. Alichokuwa hajui ni kwamba Marta aliyapitisha kwa mumewe. Mzee alikuwa ameshakisoma kitabu chake cha kisomo, kile cha kuchimba vyoo na kupalilia pamba, mara nne, na pamba yenyewe huku milimani haioti. Alikuwa na njaa ya kusoma. Lakini asingeweza kumwambia Sekela hata neno moja.

Hapo ndipo pa kueleza, maana hata mimi Mhehe sikujua. Wanyakyusa waliohamia milima ile kutoka Rungwe wanashika desturi yao: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Sekela alikuwa na miaka saba kwenye ndoa na hajawahi kuutazama uso wa mzee yule. Akisikia kikohozi chake njiani aliingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Jina lake hakulitamka, na chakula kilipita mikononi mwa Marta. Kwa hiyo mzee, badala ya kuongea na mkwe wake, aliongea na penseli.

Siku ile ya Alhamisi Marta alimkuta Sekela kwenye pareto, akamwambia kila kitu kwa mkupuo mmoja huku akilia: wizi, pingu, madaftari, gari la saa nane. Sekela alimwacha mtoto mkubwa kwa jirani, akamfunga mdogo mgongoni, akashuka mlima mbio. Alifika saa sita na nusu. Hakupita mlango wa mbele kwenye watu. Alizunguka nyuma, na mimi nikiwa kaunta nikasikia sauti kutoka nje ya dirisha.

"Afande. Hayo madaftari ni yangu."

"Ingia ndani useme."

"Siwezi. Yumo."

"Nani yumo?"

"Yeye."

"Yeye nani? Mtaje jina."

Kimya. Nikadhani nimepata jambazi wa pili, na mkaidi. Marta, aliyekuwa amefika akihema, akaniambia, "Afande, ni mkwe wake huyo. Hawezi kumtaja, hawezi kumwona. Mwandikieni hapohapo dirishani."

Nilimpelekea Inspekta habari hiyo. Alikataa katakata. Maelezo hayachukuliwi dirishani, alisema, yanachukuliwa mezani, mbele ya mtuhumiwa, ili waumbuane. Mzee akasikia. Alikuwa hajaomba maji tangu asubuhi, wala chakula, wala kulegezewa pingu. Sasa aligeuza uso ukutani.

"Nipeni blanketi," alisema. "Nawaomba jamani. Nipeni blanketi."

Nilimletea la mahabusu, pamoja na chawa wake. Akajifunika kuanzia kichwani hadi magotini, akatulia.

"Ambrosi," Inspekta alisema, "uwe unahakikisha kama bado yumo."

Basi Sekela aliingia kinyumenyume. Kanga kichwani, macho sakafuni, mtoto mgongoni akitutazama sisi wote kwa zamu, alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaigusa meza, akakaa akitazama ukuta. Nilicheka. Nakiri nilicheka. Halafu nikaona visigino vyake vina vumbi na michubuko ya mbio za mlimani, nikaacha kucheka.

"Hayo madaftari niliandika mimi," aliuambia ukuta. "Ni hadithi. Hakuna mtu wa kweli."

"Nani alikufundisha ujambazi huu?"

"Mume wangu aliona sanduku Zambia."

"Zambia!" Inspekta alinigeukia. "Andika, Ambrosi. Kuna mkono wa nje ya nchi. Mumeo yuko wapi sasa?"

"Kwenye treni, Afande."

"Treni! Andika. Hata usafiri wanao. Haya, hao watatu ni akina nani?"

"Watatu wapi, Afande?"

"Roho tatu."

"Ni Tandala peke yake."

"Anaishi wapi?"

"Haishi popote. Ameshakufa mara tatu."

Inspekta aliweka kalamu chini taratibu. "Binti, unajua unaongea na nani?"

Kila neno la kweli alilosema lilizidi kumzamisha. Kwa nusu saa genge letu lilikua kutoka mtu mmoja hadi watano, mmojawapo marehemu. Mimi niliandika tu. Saa nane kasorobo dereva aliwasha gari, na nje kelele za watu zikapanda, maana walidhani mzee anatolewa. Jiwe likagonga bati la paa.

"Pakia wote wawili," Inspekta alisema. "Mtoto abaki na bibi yake."

Sekela aliushika upande wa mbeleko uliofungwa kifuani kwa mikono miwili. Nilisogea kumfungua mtoto. Mpaka leo nikiikumbuka mikono yangu inavyosogea pale najisikia vibaya.

"Ngojeni," alisema. "Nipeni kitabu changu kwanza. Nitawasomea mwone ni hadithi. Naomba, Afande. Ukurasa mmoja."

Inspekta alitazama saa, akaniashiria kwa kidevu. Nikampa daftari lililokuwa juu. Alilifungua, na hapo ndipo alipoiona penseli kwa mara ya kwanza.

"Nani kaandika humu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni yeye, mwanangu," Marta alijibu akiwa mlangoni. "Anayasoma yote. Hilo la nne kalisoma mara sita."

Sekela alianza kufunua kurasa. Pale Tandala alipotumbukia chooni, penseli ilisema, "Hapa nimecheka mpaka mama Fanueli kaamka." Pale mlinzi aliposinzia, ilisema, "Umetuonea walinzi. Mlinzi naye ana akili." Penginepo ilisema tu, "Vizuri," na chini yake tena, "Vizuri sana." Sekela alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja, amesahau kama kuna polisi, gari wala mawe. Kwa miezi mingi alikuwa ameandika akiamini hakuna binadamu atakayesoma, na kumbe msomaji alikuwa nyumba ya pili, akisubiri daftari linalofuata kama watu wanavyosubiri mgao.

"Soma," Inspekta alisema. "Dakika zinakwenda."

Alijipangusa, akasoma kwa sauti pale alipokuwa amefika. "'Tandala akaikata kufuli kwa msumeno, upande wa ndani, ule unaolalia mlango, ili mlinzi akipita asiuone mkato.' Halafu hapa pameandikwa kwa penseli: 'Hapa siyo. Umekosea. Kufuli...'" Akasita. "Pamefutika. Hapasomeki."

"Geuza ukurasa, mwanangu!" blanketi lilipiga kelele. "Nyuma! Nimeandika nyuma!"

Marta alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sekela alikakamaa kama mtu aliyemwagiwa maji. Hata mimi nisiye wa kabila lile nilijua kwamba kitu kimevunjika mle chumbani, kwa namna wale wanawake wawili walivyoacha kupumua. Miaka saba, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia. Kisha Sekela, taratibu, akageuza ukurasa.

"'Kufuli ikiwa imefungwa,'" alisoma, "'upande huo msumeno haufiki. Labda uifungue kwanza kwa ufunguo, uikatie mkononi. Na mwenye ufunguo anahangaika na msumeno wa nini?'"

Kufuli ya duka ilikuwa mezani, mbele yangu, na karatasi ya ushahidi niliyoifunga mwenyewe. Wiki ile mlango wa duka ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, kufuli ikiwa inaning'inia palepale, kwa hiyo upande wake wa nje ulikuwa na matone ya kijani. Niliigeuza. Mkato ulikuwa upande wa pili, ule msafi. Nikakumbuka na bati la mlango, jinsi nilivyopitisha kidole juu yake asubuhi na kuisifu rangi ilivyo laini. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Msumeno ungepitaje pale bila kulikwaruza?

Nataka kusema kwamba nilifungua mdomo mara moja, lakini ningekuwa naongopa. Nilifikiria cheo kwanza. Nilifikiria Mbeya mjini, magwanda mapya, barua kwa mama yangu Iringa. Nikamtazama mtoto mgongoni kwa Sekela, naye alikuwa ananitazama mimi, zamu yangu ilikuwa imefika.

"Afande."

"Nini tena?"

"Lile bati la mlango halina mkwaruzo."

Nikamwonyesha kufuli. Inspekta Eliezeri alikuwa mtu wa haraka, lakini mjinga hakuwa. Aliigeuzageuza mkononi muda mrefu. "Kwa nini hukulisema hili asubuhi?"

"Asubuhi nilikuwa na madaftari, Afande."

Alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau, kisha akaligeukia blanketi. "Mzee. Hadithi hii ya Tandala, umewahi kumsimulia mtu?"

"Gideoni," blanketi likasema. "Kila jioni akifunga duka. Aliipenda mno. Ile ya kufuli alinirudisha mara mbili, akauliza Tandala alikata upande gani. Nikamwambia upande wa ndani, kama ilivyoandikwa."

"Na hukumwambia kwamba haiwezekani?"

"Afande, ningemwambiaje mtu wa nje kwamba mke wa mwanangu amekosea? Hiyo ni aibu ya nyumba. Niliandika kwa penseli, basi."

Kwa hiyo Gideoni alikuwa ameiba kitabu kizima. Aliiba chai ya dawa, akaiba msumeno, akaliiba na kosa lenyewe. Alifungua duka kwa ufunguo wake, akahamisha mzigo, kisha akaketi mahali na kuikata kufuli mkononi upande uleule Tandala aliokata, akidhani ndivyo majambazi wa kweli wanavyofanya. Mzee angekuwa mtu wa kuwasema wakwe zake vibarazani, mwizi angerekebishwa, na leo sijui mzee angekuwa wapi.

Nje sauti bado ilikuwa inalia, "Sukari ya watoto—" Inspekta alifungua mlango, na sauti ikakatika. Sukari yenyewe tuliikuta jioni kabla jua halijazama, nyumbani kwa mama mkwe wa Gideoni, kwenye chumba ambacho Gideoni kwa desturi hiyohiyo ya wakwe asingeweza kukanyaga. Mkewe ndiye aliyeipokea na kuipanga. Ukiondoa kosa la kufuli, alikuwa na akili yule bwana.

Pingu nilizifungua mimi. Mzee alikataa kuvua blanketi mpaka Sekela atoke. Sekela akatoka kwa kwenda mbele sasa, uso mlangoni, akasimama kizingitini na kuuliza bila kugeuka, "Afande, na madaftari yangu?"

"Ni ushahidi," Inspekta alisema. "Yanakwenda mahakamani. Kesi ikiisha utarudishiwa."

"Sina nakala."

"Utarudishiwa, binti."

Alisimama kidogo. Angeweza kubisha, kulia, kusema neno. Akamtengeneza mtoto mgongoni, akaondoka. Na mimi ndiye niliyeyafunga kamba na kuandika juu yake: vitu vya ushahidi, idadi tano.

Wazee wa kijiji walimwita Mzee Asukile wiki iliyofuata kumuuliza kwa nini alimsemesha mke wa mwanawe mbele ya watu. Alisimama akasema hakumsemesha mtu, alikuwa anaongea na kufuli. Walijadiliana tangu asubuhi mpaka jua la mchana, wengine wakitaka kondoo. Mwishoni walikubali kwamba kufuli inaweza kusemeshwa, wakamtoza kuku mmoja.

Gideoni alifungwa. Madaftari hayakurudi. Nilikwenda mjini kuyaulizia mara mbili, na mara ya tatu karani mmoja, ofisi sitaitaja, aliniambia stoo ilisafishwa, makaratasi ya zamani yalichomwa. Aliniambia huku akila karanga. Nilitaka kumkunja shati. Badala yake nilipanda mlima siku ileile kwenda kumwambia Sekela, na njia nzima nilikuwa natunga maneno na kuyatupa.

Nilifika kwenye saa tisa, pareto imeanikwa, jua zuri. Pembeni ya mikeka kulikuwa na kibanda cha matete cha kuhifadhia maua mvua ikija. Upande wa nje, mgongo kwenye matete, alikaa Mzee Asukile na mkongojo wake, akimsimulia kuku habari za Tandala. Alisimulia kwa sauti kubwa kuliko kuku anavyohitaji. Alikuwa anazijua neno kwa neno, na pale penye kosa la kufuli alisema lilivyoandikwa, kisha akaongeza, "Lakini watu wenye akili wanasema ingekuwa hivi." Nilisimama migombani nikisikiliza. Ndani ya kibanda, kupitia nafasi za matete, niliuona mgongo wa Sekela na mkono unaokwenda mbio. Mzee akizidi kasi, Sekela aligonga tete kwa penseli mara mbili, na mzee akamrudilia kuku sentensi yote.

Marta alinikuta pale. Nikamwambia habari ya stoo kwa kunong'ona. Akatikisa kichwa, akasema walijua, hawakungoja.

Wakafika kifo cha tatu, cha mwisho, ambapo Tandala anaungua ndani ya lori la mafuta ya taa. Mzee akaweka mkongojo chini. Akamtazama kuku muda mrefu.

"Hapa alimuua," akamwambia. "Yeye ndiye mwenye kitabu, na mimi sina la kusema. Ila kwa maoni yangu mimi, huyu kijana bado ana nguvu."

Maua yalikuwa yananukia kwa joto, na mimi nilikuwa nimeshikilia mgomba nisije nikakohoa. Kisha penseli ikagonga tete mara moja, kama sarafu inayotiwa kwenye sanduku, na mzee akasogeza mgongo, akaendelea.